Mchimbaji naye ana haki ya kutazama ndege

Mwezi wa tatu, mvua ikisharudi na mama wakiwa mashambani wanapanda maharagi, tembea kidogo tu kutoka Kalengera, pale njia ya Tongo inapoachana na ile ya Rutshuru. Mbayuwayu wamejaa, wanapita chini chini juu ya mashamba wakikamata wadudu. Wanajiandaa kuondoka. Ulaya printemps inaanza, nao wanarudi kule kujenga viota. Kadege ka gramu 20 hivi, na kanavuka Sahara! Watoto wa kule wanakangojea kwa furaha. Sisi tumekalisha miezi yote ile, na wengi wa watoto wetu hata jina lake hawalijui.

Wandugu wengine wanasema kutazama nyama wa pori ni kazi ya watalii. Mtu ametoka shimoni, mgongo unauma, utamwambia aende kutazama ndege? Ndiyo, tutamwambia, na aende na bibi na watoto. Hatusemi mlipe pesa za kuona gorila; bei ile haikupangwa kwa mfuko wetu. Njiani tu kuna kinyonga kwenye ua, kuna mnana wanaochana majani ya migomba na kusuka viota, kuna kumbikumbi wanaoruka mvua ikikatika, ndege wakiwanyakua juu na watoto chini. (Wale wa kukaanga na chumvi hatuwaachii ndege wote.) Ila mfuate njia inayotumika, msiingie Parke bila mlinzi, na mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse. Vita imepita huku mara nyingi.

Sasa tuseme lile linalotuuma. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda, watu maelfu waliingia Kahuzi-Biega kuchimba. Tembo na gorila waliuawa wengi sana, nyama ikapelekwa kambini. Mpaka leo lawama ni ya mchimbaji. Lakini juu ya nini alikula nyama ile? Juu bosi alileta sepetu, hakuleta maharagi. Njo maana tunasema chakula cha kareri ni jambo la sendika: unga, maharagi, sambaza za kukausha, vifike kabla ya kazi kuanza. Anayepeleka watu msituni na sufuria tupu, yeye ndiye mwindaji.

Na walinzi wa Virunga tusiwaite maadui. Tunajua kuna ugomvi wa mipaka na mashamba, na haujaisha. Lakini nao ni wafanyakazi, wana familia. Zaidi ya 200 wamekufa kazini katika Parke hiyo. Tarehe 24 Aprili 2020 waliuawa 12 kwa siku moja karibu na Rumangabo, si mbali na Kalengera. Wajane wao na wajane wa mashimo yaliyobomoka wanalia kilio kimoja.

Kilichobaki ni siku yenyewe. Sheria ya kazi ya 2002 inatambua mapumziko ya kila juma, lakini kwenye kareri nyingi siku ya kupumzika ni siku ya kuugua. Tuidai kwa maandishi, pamoja na chakula. Bosi akiuliza siku hiyo tutaifanyia nini, tumjibu: mbayuwayu wanakaribia kwenda, watoto wanataka kuwaona mbele hawajaondoka.