Babu alifanya nini hasa?

Jumamosi nyingi za Ukambani, kuanzia Mutomo hadi Mbooni, hupita chini ya hema la mazishi. Kila mwombolezaji akiketi hukabidhiwa kijitabu cha karatasi inayong'aa. Jaladani mna picha ya mzee iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake hadi uso ukafifia. Ndani mna ratiba ya ibada, nyimbo mbili tatu, orodha ya watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu, na ukurasa mmoja wa wasifu. Usome ukurasa huo leo Kitui, kisha usome mwingine wiki ijayo Makueni, utadhani ni mtu mmoja aliyefariki mara mbili. Alizaliwa mwaka wa 1934 hivi. Alikuwa mume mwaminifu, baba mpenda watu, mcha Mungu na mtumishi wa umma. Aliugua kwa muda mfupi. Jua likipanda, kijitabu kinakuwa cha kujipepea, na jioni vilivyosalia vinaokotwa pamoja na chupa za maji.

Nadhani hapo tunatupa kitu ambacho hatutakipata pengine. Kwa watu wengi wa kizazi kile, ukurasa huo ndio maandishi pekee yatakayowahi kuchapishwa juu yao. Hawakuandika vitabu, magazeti hayakuwahoji, na madaftari ya kamati walizoziongoza yameliwa na mchwa kwenye kabati la shule fulani. Ndiyo maana ninashikilia kwamba wasifu wa babu ni rekodi ya umma, na uandikwe hivyo: uwe na miaka, mahali, kazi yenyewe na majina ya wale aliofanya nao. Sifa za moyo zina nafasi yake, ila zijengwe juu ya kazi iliyotajwa. Tukisema mzee alitumikia umma, msikilizaji ana haki ya kuuliza: umma upi, wapi, lini, na kwa malipo gani?

Chukua mfano wa matuta. Mwaka wa 1937 Colin Maher, afisa wa kikoloni aliyeshughulikia mmomonyoko wa udongo, aliandika ripoti kuhusu Machakos, wilaya ambayo siku hizo ilibeba pia Makueni ya leo. Alichokiona kilimtisha: vilima vilivyovuliwa udongo na makorongo yaliyokuwa yakimeza mashamba. Mwaka uliofuata serikali ilikuja na dawa yake, kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kudai mifugo yao, na yeye akaishia kuhamishiwa Lamu. Zaidi ya nusu karne baadaye, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza wilaya ileile, na kitabu chao cha 1994 kiliwashangaza wengi. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda.

Sehemu kubwa ya siri hiyo ni tuta liitwalo fanya juu. Watu wawili hushika vijiti vyenye urefu sawa vilivyofungwa kamba, na katikati ya kamba huning'inizwa pima maji. Hutembea kukata mteremko wakifuata kimo kimoja, na mtu wa tatu anawaambia nani apande hatua moja na nani ashuke. Mstari ukishapatikana, mtaro huchimbwa na udongo hutupwa upande wa juu, kisha ukingo hupandwa nyasi. Mvua baada ya mvua udongo unaoteremka hukwama pale, hadi mteremko unakuwa ngazi. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika miongozo ya kilimo ya nchi nyingi bila kutafsiriwa, jambo ambalo sisi wenyewe hatulijui vya kutosha. Kazi yenyewe ilifanywa na vikundi vya mwethya, desturi ya majirani kulimiana na kujengeana ambayo Wakamba walikuwa nayo kabla ya serikali yoyote. Wakoloni walipoamrisha matuta kwa shuruti, watu walinung'unika. Kazi iliporudi mikononi mwa mwethya, ikaenda. Sasa tafuta majina. La Maher lipo. Ya maafisa wa wilaya yamo katika ripoti za kila mwaka zilizohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. La yule aliyeshika kijiti cha pili halipo popote, ingawa mjukuu wake huenda analima mahindi juu ya ngazi ileile hivi leo.

Imani nayo ina pengo la namna hiyo. Tunajua kwamba Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mnamo Desemba 1895, na kwamba kufikia Desemba iliyofuata Scott alikuwa amefariki, hajatimiza hata miaka 30. Tunajua kwamba wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walitangulia kujenga Ikutha, kusini mwa Kitui, kisha Mulango. Mwaka mmoja wa mgeni umeandikwa vizuri kuliko miaka hamsini ya mwenyeji aliyebeba kanisa hilo baada yake. Wasifu hutuambia tu kuwa marehemu alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Uzee wa kanisa ulikuwa kazi yenye jasho. Mzee ndiye aliyewapatanisha mume na mke usiku, akatunza daftari la ubatizo, akaamua nani atengwe na nani arudishwe. Na njaa ilipoingia, mara nyingi ndiye aliyesimama na orodha mbele ya gunia. Wakamba huzipa njaa majina na kuhesabu miaka kwa majina hayo. Ngomanisye iliwakumba mwishoni mwa karne ya 19. Ile ya 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, ninakufa huku nimeshika, yaani pesa zipo mkononi na chakula cha kununua hakipo. Mzee aliyegawa mahindi mwaka huo alimpa nani kwanza, na aliyelalamika alimjibu nini? Hapo imani, familia na utumishi vilikutana kwenye kipimo kimoja cha bati, nao jamaa zake wenyewe walikuwa wamesimama kwenye foleni. Mimi ningependa kusoma hilo kuliko kuambiwa mara ya mia kwamba alimpenda Mungu.

Atasimama mtu aseme kwamba mazishi si mahakama, na kwamba mwiko wa kumsema marehemu una busara yake. Nakubali kuwa una busara. Lakini mwiko huo umezuia mengi kuliko uliyokusudiwa kuzuia. Babu wengine wa kizazi kile walikuwa machifu na askari wa kikoloni, waliokusanya kodi na kuwatoa watu mashambani kwa kiboko. Yawezekana mlima mmoja una kaburi la aliyehesabu ng'ombe wa kuchukuliwa mwaka wa 1938 na kaburi la aliyetembea hadi Nairobi kuwadai, na vijitabu vyote viwili vinasema mtumishi wa umma. Sitaki mchungaji asome mashtaka mbele ya mjane. Nataka cheo kiandikwe kwa jina lake na kwa miaka yake, basi. Alikuwa chifu mdogo wa kata fulani, kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule: sentensi hiyo haimtukani mtu, wala haimfichi. Wajukuu watajua wenyewe la kuuliza.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa akina mama, na sidhani lina jibu jepesi. Wanaume wa Kitui na Makueni walipokwenda kutafuta kazi Nairobi, Mombasa, kwenye reli na jeshini, mwethya ilibaki mikononi mwa wanawake. Wao ndio waliochimba mitaro na kubeba mawe mgongoni kwa kamba ya kichwani. Wasifu unaosema babu alijenga boma, akasomesha watoto na kukomboa shamba, mara nyingi unamvika babu kazi ya bibi. Je, kuandika zaidi juu ya babu si kuizidisha dhuluma hiyo? Ingekuwa hivyo kama tungeongeza sifa. Mambo hubadilika ukidai miaka na mahali. Mwanamume aliyefanya kazi bandarini Mombasa kutoka 1955 hadi 1972, akija nyumbani Krismasi kwa Krismasi, hawezi kuwa ndiye aliyechimba matuta ya shamba la nyumbani miaka hiyo. Tarehe zenyewe zitamtaja aliyeyachimba.

Kuna pia Wakristo watakaoona kwamba kuyahesabu matendo ya mtu ni majivuno, na kwamba Mungu analo daftari lake. Wangekuwa na haki kama unyenyekevu huo ungewahusu wote. Lakini zahanati hiyohiyo ambayo wanakijiji walibeba mchanga wake ina jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa aliyekuja na gari saa nane na kuondoka saa tisa, na hakuna aliyewahi kuona haya kulichonga. Mnyenyekevu ni mmoja tu, yule asiye na jiwe.

Tena si suala la heshima peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia za jadi za kutatua migogoro, na kesi nyingi za mipaka zinaamuliwa kwa kumbukumbu ya wazee. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaweka baraza la kijiji lenye wazee watatu hadi watano. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilijipatia sifa nchini kwa kuanzisha mipango ya maendeleo kutoka vijijini kwenda juu. Yote haya yanategemea mtu anayekumbuka. Sehemu ya Makueni ilifyekwa msitu na kugawiwa walowezi wa Kikamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na waliouona mpaka ukipigwa wanaisha mmoja mmoja kila mwezi. Wakizikwa na sifa nne za kawaida, mpaka unahamia kwa mwenye wakili.

Na gharama je? Familia iliyotoka kuchangiwa bili ya hospitali haina wiki mbili za kufanya utafiti. Kweli, na ndiyo maana kazi hii haifai kungoja mauti. Mkamba humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babake mwenyewe, kwa hiyo katika maboma mengi kuna kijana anayebeba jina la mzee na simu inayorekodi sauti. Likizo ya Agosti inatosha. Arekodi kwa Kikamba, lugha ambayo mzee anajua kutania na kubishana ndani yake. Vijitabu vingi huchapishwa kwa Kiingereza, nao wenzake wa rika wanavishika tu mikononi wakingoja mtu awafafanulie. Kisha nakala mbili zibaki: moja ofisi ya kanisa au msikiti, moja maktaba ya shule aliyoichangia. Zaidi ya hapo sioni haja ya mradi wala kamati.

Hadi sasa aliyepata bahati ya kuandikwa ni yule aliyekutana na wafadhili. Kikundi cha Utooni kilichoanza mwaka wa 1978, pamoja na Joshua Mukusya aliyekiongoza, kinajulikana hadi Ulaya kwa mabwawa ya mchanga, kwa sababu washirika wa ng'ambo waliandika. Kitui ina mabwawa kama hayo kwa mamia, mengi yakiwa yamejengwa tangu katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la SASOL na kwa mikono ya wenyeji. Ukuta wa mawe na saruji hukatiza mto wa msimu, ukiwa umekita kwenye mwamba. Mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na mchanga huo hushika maji, robo ya ujazo wake au zaidi, mbali na jua na ng'ombe, hadi kiangazi kikali. Jambo gumu ni mwamba. Haulali sawa, mahali pengine uko mita moja chini, pengine umepasuka, na kwenye kingo za mto mara nyingi hutoweka kabisa, hivyo ukuta hurefushwa kwa mbawa zinazoingia ardhini. Waliochimba msingi wanajua mbawa ya kushoto iliishia kwenye jiwe au kwenye udongo mwekundu, na kwa nini siku hiyo waliamua kusimama.

Ukuta hukaa miongo mingi. Siku moja, baada ya mvua za Novemba, maji yataanza kutafuta njia ubavuni, na kamati ya vijana itasimama ukingoni na mifuko sita ya saruji, ikijiuliza wachimbe upande gani na kwa kina gani. Mmoja atasema babu yake ndiye aliyekuwa msimamizi hapa. Ataenda nyumbani, atafungua sanduku la mamake, atakitoa kijitabu. Ukurasa wa tatu una wimbo namba 14. Ukurasa wa nne unasema alikuwa mtumishi wa umma.