Mti Mkongwe Usiuzwe Siku ya Kung'olewa

Kiangazi kinapokaribia kwisha katika bonde la Kilombero, mashamba husafishwa kwa jembe, panga na moto. Kutoka viunga vya Ifakara hadi Idete na kuendelea upande wa Mlimba, visiki vilivyosumbua plau hurundikwa na kuchomwa, vingine vikaishia kwenye tanuri la mkaa. Miongoni mwavyo vimo vya mikwaju na mikuyu iliyokatwa ikachipua, ikaungua ikachipua tena, ikaliwa na mbuzi na bado haikufa, hadi shina likanenepa huku mti wenyewe ukibaki mfupi. Mkulima huona kikwazo. Fundi wa bonsai, yaani anayelea mti ndani ya chungu kidogo kwa miaka mingi, huona kitu ambacho hawezi kukitengeneza kitaluni kwa umri wake wote. Naamini hapo pana kazi ya halali kwa watu wa Idete. Lakini naamini pia kwamba kazi hiyo itakuwa maafa kwa miti ya bonde tusipokubaliana mapema juu ya kanuni moja: haki ya kung'oa mti mkongwe inatokana na uwezo wa kuuweka hai, na uwezo huo huthibitishwa kwa misimu, si kwa maneno.

Kanuni hii imetoka kwenye mizizi yenyewe. Mti mkubwa unapong'olewa, hupoteza sehemu kubwa ya mizizi myembamba, ambayo ndiyo hasa hunywa maji. Mizizi minene inayobaki husaidia kuushikilia mti na kutunza akiba, lakini haiwezi kuulisha peke yake. Kwa sababu shina la mti mkongwe lina chakula kilichohifadhiwa, mti huo unaweza kuchipua majani mazuri wiki chache baada ya kuhamishwa, mnunuzi akafurahi, kisha akiba ikaisha na majani yakanyauka kabla mizizi mipya haijaota. Majani ya kwanza, basi, hayathibitishi kwamba mti umepona. Anayeelewa hili huzungushia mti mtaro mapema, akakata mizizi upande mmoja na kuuacha mwingine hadi msimu ufuatao, ili mizizi mipya iote karibu na shina. Hung'oa mvua zinapoanza, akaupanda kwenye sanduku la mbao lenye matundu ya kutosha, ndani ya mchanganyiko unaopitisha maji: kokoto ndogo, vipande vya mkaa, pumba za mpunga zilizochomwa. Udongo mzito wa mbugani, unaostawisha mpunga, ukiwekwa ndani ya chombo hushikana, hutuamisha maji na kuozesha mizizi.

Kuupa mti umbo huja baadaye, na hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka. Kung'oa, kupogoa, kuzungushia matawi waya na kuhamishia kwenye chungu kifupi ni majeraha manne, na mti mkongwe hauyahimili yote kwa siku moja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tawi la zamani limekwisha kukauka katika umbo lake, na anayelikunja kwa nguvu hulivunja. Fundi mzuri husoma kwanza yale ambayo ukame, moto na meno ya mifugo yamekwisha kuyaandika juu ya shina, kisha huchagua upande wa mbele, huacha mbao kavu inayosimulia umri, na hupinda matawi machanga tu. Waya nao hukaguliwa na kuondolewa kabla haujazama kwenye gome. Chungu chenyewe, kile ambacho mtazamaji hukiona kwanza, ndicho huja mwisho, mizizi ikiwa imejaza sanduku.

Tukitaka kuona kinachotokea malipo yanapotangulia uhai, tusiende mbali. Mwaka 2022, huko Kilifi, pwani ya Kenya, mibuyu mikubwa iling'olewa kwa mashine ili isafirishwe hadi Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, ikapandwe katika bustani ya miti ya tajiri mmoja. Kulikuwa na wakulima waliokubali kuuza, kwa hoja ambayo mtu wa Idete ataitambua mara moja: mbuyu ulichukua nafasi ya mahindi, na fedha zilikuwa mkononi. Novemba mwaka huo Rais William Ruto aliagiza uchunguzi kuhusu uhalali wa leseni iliyotumika. Lakini swali la leseni lilikuja mizizi ikiwa tayari imekatwa. Tena muuzaji aliyelipwa siku ya kung'oa hakuwa na sababu ya kujali kama mbuyu ungeishi mwaka mmoja au mia. Soko lililipia uzito na umri wa mti, na halikulipia uhai wake hata kidogo.

Japani, ambako sanaa hii imekomaa, ilijifunza somo hilo kwa gharama. Mwanzoni mwa karne ya 20, wachimbaji walipanda majabali ya mlima Ishizuchi katika kisiwa cha Shikoku kutafuta mireteni iliyodumazwa na upepo, na miti ya aina hiyo ikawa adimu porini. Kilichobaki kuwa fahari ya nchi hiyo ni ustadi wa kutunza. Msonobari mmoja ulioanza kulelewa chunguni mwaka 1625 ulipita vizazi vya familia ya Yamaki huko Hiroshima, ukanusurika bomu la atomiki la mwaka 1945, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani, ambako umeendelea kutunzwa jijini Washington. Heshima ya mti huo imetokana na mikono iliyoumwagilia bila kukosa kwa karne nne.

Kwa hiyo napendekeza jambo linalopimika. Mti mkongwe uliong'olewa bondeni usiuzwe kabla haujapitisha masika mawili ndani ya sanduku, na uwe na hati ya kijiji inayoonyesha ulitoka shamba gani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari inataka kibali cha kuvuna mazao ya misitu hifadhini, na miti kama mpingo inalindwa hata nje ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, isiguswe kabisa, wala Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Kilombero. Kinachoruhusiwa kiwe kile kilichokwisha kuhukumiwa na jembe, ndani ya shamba halali. Masika mawili yataondoa faida ya anayeng'oa visiki kumi ili auze viwili kabla vyote havijafa.

Wapo watakaosema kisiki kingechomwa hata hivyo, basi urasimu wa nini? Hoja hii ina uzito kwa kisiki cha shambani, lakini haina uzito kwa kile cha mteremkoni, na mnunuzi aliye Dar es Salaam hawezi kutofautisha viwili hivyo. Bila hati, bei ya kisiki cha shamba itageuka bei ya mti wa msituni, na kwa kuwa miti iliyodumaa vizuri zaidi huota kwenye miamba, huko ndiko panga litakakoelekea. Wengine watasema maskini hawezi kusubiri miaka miwili. Ni kweli njaa haisubiri, na ndiyo maana kazi hii isisimame kwa miguu ya visiki pekee. Mbegu ya mkwaju huota kwa urahisi na miche yake huuzwa mapema. Kipato hicho ndicho kimlee mwenye kitalu wakati sanduku la mti mkongwe likisubiri. Na kwa wanaoona bonsai ni anasa ya wenye nacho, jibu langu ni kwamba mpunga mzuri wa Kilombero nao huliwa mbali na aliyeupanda, na hakuna anayemwona mkulima wake mjinga kwa kuuzalisha.

Mchimbaji anayetoka mbali na lori lake anaweza kununua winchi, waya na vyungu vya kila namna. Hawezi kununua masika mawili ya kukaa karibu na mti, kumwagilia asubuhi na kugundua mapema tawi linaloanza kunyauka. Hilo mtu wa Idete analo tayari. Kanuni ya kusubiri, ambayo kwa haraka yaonekana kumfunga, ndiyo itakayoiacha kazi hii mikononi mwake na miti mlimani kwake.