Tingatinga Alikuwa Mchuuzi, na Mimi Pia

Mwezi uliopita, katika kikao chetu cha waandishi chipukizi, mwenzetu mmoja alisimama akasoma shairi refu la kumsifu marehemu Edward Saidi Tingatinga. Jina la mwenzetu silitaji, mwenyewe anajijua, na bado ni rafiki yangu. Katika shairi lile Tingatinga ni maskini wa Mungu aliyechora kwa sababu moyo ulimtuma tu, hakujua bei wala soko, akafa kwa risasi, na damu yake ikawa wino wetu sisi tuliobaki. Watu walipiga makofi. Dada mmoja alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mimi sikupiga makofi, nikaulizwa kulikoni, na kwa kuwa pale nilibabaika nikashindwa kujieleza, najieleza hapa.

Ndugu zangu, bei aliijua. Tena aliijua vizuri kuliko sisi.

Kwanza tukubaliane tunamzungumzia nani, maana jina limemmeza mwenye jina. Muulize kijana yeyote kijiweni tingatinga ni nini, atakuambia ni lile dubwana la kusukuma udongo barabarani. Mjanja kidogo atakuambia ni zile picha za twiga na simba wanazouziwa Wazungu. Kwamba palikuwa na mtu, ana mke na watoto, anaamka asubuhi anawaza unga kama baba yako na baba yangu, hilo halimo vichwani mwetu.

Mtu huyo alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, huko kusini, na shule aliigusa kidogo tu. Kama vijana wengi wa kusini wa enzi zile, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 50 akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja, akabangaiza hapa na pale, muziki nao akapiga. Uchoraji aliuanza mwaka 1968. Piga hesabu: miaka 36! Sisi hapa mtu akifikisha miaka 23 hajachapishwa anaanza kusema amerogwa.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye ubao na rangi, kwa sababu hapo ndipo shairi la mwenzetu liliponiudhi zaidi. Alisema mzee wetu alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi "kwa umaskini wake". Eti umaskini! Hebu fikirini kama mafundi, msifikiri kama walizaji. Hadibodi ilikuwepo mjini kwa sababu watu walikuwa wanajenga na kupiga dari. Fundi seremala yeyote atakuambia kwamba shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, wala hakibaki kipande cha kutupa. Na picha za Tingatinga nyingi ni mraba wa kiasi hicho hicho, sentimita sitini na kitu kila upande. Rangi ya baiskeli nayo inauzwa kwenye vikopo vidogo, inang'aa, ikishakauka haiogopi joto wala unyevu wa pwani. Ina tabia moja: haipendi kuchanganywa juu ya ubao. Ukiilazimisha inavurugika. Basi unapaka rangi ya chini, unasubiri ikauke, unaweka mnyama juu yake kwa mstari safi, unasubiri tena, ndipo unapoanza kudonoa madoa. Ule uwazi wa picha zake, yule chui anayejaa ubao mzima hata mkia ukalazimika kukunjwa ili usitoke nje, yale macho yanayokukodolea wewe mtazamaji, yote yametoka kwa mtu aliyeijua rangi yake itakubali nini na itakataa nini. Mwenye kujua kiasi hicho simwiti maskini wa Mungu. Namwita fundi.

Wapo wanaosema aliona picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, akasema hata mimi naweza. Wapo wanaosema ni michoro ya kwenye kuta za nyumba za kwao kusini. Wagombane wenyewe. Mimi ninachokipenda ni kwamba hakukaa chini ya mwembe kusubiri kipaji kishuke. Alitazama, akajaribu, halafu akajiuliza swali ambalo sisi tunaona aibu kujiuliza: nani atanunua?

Jibu alilipata Morogoro Stores, kule Oyster Bay, walikokuwa wakifanya manunuzi Wazungu na wakubwa. Pale nje ndipo picha zake zilipopangwa zikauzwa. Siyo kwenye jumba la makumbusho, wala hakungoja aitwe na kamati. Wateja walipozidi uwezo wa mkono mmoja, akawakusanya ndugu na jamaa akawafundisha: January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Simon Mpata. Baadaye akapata ajira Muhimbili, na brashi hakuiacha. Huyu ndiye tunayeambiwa hakujali fedha? Mtu mwenye kibarua, wanafunzi watano na meza ya kuuzia?

Najua watakaonijibu. Sio wenzetu wa machozi, ni wale wengine, wasomi wetu, ambao nikifika hapa watasema: "Si ndiyo hayo! Ule ni uchuuzi tu, sanaa ya watalii, haina fikra ndani." Kisha watanitajia Sam Ntiro. Nami Ntiro namheshimu sana. Mtoto wa Kilimanjaro, akasoma Makerere, akaenda chuo cha Slade kule London, na mwaka 1960 jumba la MoMA la New York lilinunua picha yake, hata uhuru wetu haujafika. Lakini sasa? Picha ya Ntiro ilinunuliwa, na picha ya Tingatinga ilinunuliwa. Kwa nini fedha ya New York iwe heshima, na fedha ya nje ya duka la Oyster Bay iwe uchuuzi? Mkinijibu hilo bila kutaja vyeti nitanyamaza.

Sikatai ubaya uliofuata. Ukipita leo kwenye vibanda vya picha utachoka roho: twiga yule yule, jua lile lile linazama, Wamasai warefu kama miti ya umeme, na chini kabisa mtu ameandika jina la marehemu kana kwamba alifufuka jana kuja kuchora. Wanafunzi wake waliobaki walijiunga, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, jambo jema sana kwa wenye familia. Lakini mtu aliyechora miaka minne tu, kuanzia 1968 hadi 1972, amerudufiwa kwa miaka zaidi ya hamsini, na wengi wa warudufu hawajawahi kuiona picha yake hata moja ya asili. Wanaiga mwigo wa mwigo.

Ila kabla hatujawacheka, tufungue madaftari yetu. Humu ndani mna mpelelezi mwenye koti la ngozi anavuta sigara kwenye mvua. Ni wangapi hapa hatuna huyo jamaa? Mimi ninaye, tena wawili. Tumemchukua kwa Musiba na kwa Mtobwa, na wao walifanya kazi yao, vitabu vikauzika mpaka vijijini, sisi tunawarudufia koti tu. Kuiga sio dhambi, mwanafunzi hujifunza kwa kuiga mkono wa mwalimu. Tatizo ni kubaki pale pale miaka nenda rudi.

Mtazameni George Lilanga. Huyu hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga, alikuwa Mmakonde wa Masasi, mchongaji. Alianza pale Nyumba ya Sanaa kama mlinzi, akaonyesha alichokuwa anakijua, akapewa nafasi ya kufanya kazi. Naye akaja kuchukua rangi ile ile ya kung'aa na mbao za aina ile ile, lakini twiga hakumhitaji. Akawatoa mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo, wanacheka, wanagombana, wanapika, wanapanda basi, yaani Uswahilini kwetu kabisa. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Marekani, na mpaka anafariki mwaka 2005 alikuwa na jina Ulaya kuliko alilokuwa nalo Mbagala. Zana alizikuta zipo. Alichoongeza ni macho yake.

Nakuja kwenye kifo, maana ndicho kilichopigiwa makofi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi Tingatinga wakidhani ni mhalifu anayekimbia. Alikuwa na miaka kama 40. Basi. Haikuwa kafara, hakufa kwa ajili ya sanaa wala kwa ajili yetu. Lilikuwa kosa, na kosa hilo liliacha mjane na watoto, likakata mkono ambao ndiyo kwanza ulikuwa unakolea. Mimi ninapokifikiria kile kifo silii kwa raha kama tulivyolia kikaoni. Nakasirika. Nafikiria mbao ambazo angezichora 1973, na 1980, na kama angechoka na wale chui akageukia kitu kingine ambacho leo hatuna hata jina lake. Shairi linalosema risasi ndiyo iliyompa uhai linamsamehe aliyefyatua, na bado linatufundisha sisi vijana kwamba njaa na kifo ni sehemu ya ufundi. Wenzetu wawili wameacha kazi zao za vibarua mwaka huu ili "wateseke vizuri". Mmoja tunamlisha kwa zamu. Kurasa alizoandika tangu aache kazi ni nne.

Sasa niseme la kwangu nisionekane napiga chenga. Mimi ni wa kidato cha nne, cheti changu hakiombewi kazi. Riwaya yangu niliipeleka kwa mhariri mmoja, ikakaa miezi kumi na minne, ikarudi na alama ya kikombe cha chai kwenye jalada. Tangu hapo naikata sura sura, natoa fotokopi, nabana kwa pini, nauza kituo cha daladala baada ya kutoka kazini. Sura ya kwanza nilitoa nakala 40, zikaisha siku tatu. Ya pili ilidoda, na nikajua kwa nini: mama mmoja muuza maandazi aliniambia waziwazi kwamba pale katikati nilikuwa najionyesha nimesoma. Nikaiandika upya. Hakuna kikao kilichowahi kunifundisha kama yule mama. Siku ile ya shairi, nilipotoa vijitabu vyangu begani niwagawie wenzangu, mtu alisema kwa sauti, "Huyu naye mchuuzi," wakacheka, na yule rafiki yangu wa shairi alicheka pia.

Sura ya tatu iko tayari, mpelelezi nimemvua koti. Jumamosi niko kituoni kuanzia saa kumi jioni, bei ni ile ile, na wanachama wa kikao hawapati punguzo.