Magofu Si Lazima Yawe na Nguzo

Vijana wa Kitengela wanajua Krete kupitia simu: meli ya kitalii ikitia nanga Heraklion, abiria mbio kwenye kasri la Knossos kupiga picha. Sawa. Kasri lile lina takriban miaka 4,000. Lakini waulize Olorgesailie ni wapi, wanakutolea macho. Ni hapa hapa Kajiado, barabara ya Magadi! Mashoka ya mawe yamelala pale yalipoachwa, mengine yakikaribia umri wa miaka milioni moja. Mary na Louis Leakey walichimba huko miaka ya 1940.

Usiniambie ni pesa. Aliyekosa nauli ya Magadi ataitoa wapi ya Krete? Shida ni kwamba tumezoea kuamini historia ni nguzo na wafalme. Jiwe lililochongwa na mtu asiye na jina tunaliona kokoto tu. Na sisi wa Kitengela tunajua vizuri: ardhi isiyo na wa kuitetea hukatwa ploti, hamsini kwa mia. Nendeni mkaone. Bebeni maji, jua la huko halina mchezo.