Zimwi limeharibu kesi nzuri

Binti yangu wa kidato cha sita alinipa The Outsider, riwaya ya Stephen King ya mwaka 2018, akasema, "Baba soma, halafu tubishane." Nimesoma siku nne. Mbili za kwanza hata chai ilipoa mezani.

Kisa kinaanzia Flint City, mji mdogo wa kubuni huko Oklahoma, Marekani. Mtoto wa miaka 11 ameuawa kikatili (wasomaji wadogo wakae mbali). Mashahidi na alama za vidole vyote vinamtaja Terry Maitland, mwalimu na kocha wa watoto. Anatiwa pingu uwanjani mechi ikiendelea, mji mzima ukitazama. Kumbe siku ya mauaji alikuwa mji mwingine na walimu wenzake, na video ipo. Mtu mmoja, mahali pawili! Nilikuna kichwa mpaka usiku wa manane.

Jibu? Zimwi. Linavaa sura za watu, basi. Wapelelezi wanafunga safari hadi pangoni Texas kupambana nalo.

Mimi nilikuwa namsubiri Marcy, mke wa Terry. Mumewe anapigwa risasi kabla ya kesi kuanza, naye anabaki na mabinti wawili katika mji uliokwisha kumhukumu baba yao. Familia ile ndiyo iliyonishika moyo, lakini mwandishi anaiacha nyuma akakimbilia pangoni, na jina la marehemu linasafishwa harakaharaka mwishoni.

Binti anasema nimezeeka, zimwi ni burudani tu. Labda huko kwao. Hapa kwetu wapo bibi vizee waliouawa kwa sababu mtu alikufa na majirani wakaacha kuuliza maswali. Ndiyo maana nampenda Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960, maiti inakutwa penye mzimu, watu wanaogopa mizimu, yeye anawasha kiko chake na kuwauliza walio hai.

Nimempa binti nakala yangu, jalada limechanika. Yuko katikati, na tayari ana mtu anayemshuku. Ananichunguza uso kila tukila. Sisemi kitu.