Tutembee Palermo, mji wenye jina baya



Muulizeni mtoto wa darasa la sita awatajie miji ya Ulaya. Atasema Bruxelles, Paris, labda Roma kwa sababu ya Baba Mtakatifu. Palermo hataitaja. Na mtu mzima akilisikia jina hilo, mara nyingi anakumbuka filamu za majambazi wa mafia, basi.

Juma hili ninawapeleka huko, kwa ramani tu, hatuombi viza. Nimeuchagua mji huu kwa sababu sisi pia tunakaa katika miji ambayo redio za mbali zinaitaja siku ya risasi tu. Tuna soko, tuna kwaya, tuna ziwa zuri, tuna watoto wanaofaulu mitihani, lakini mgeni akisikia mahali tunapotoka anasema: "Pole, kule ni vita." Palermo inaujua uchungu huo. Tuone namna gani ilijitetea.

Palermo ni mji mkuu wa Sicilia, kisiwa kikubwa kupita vyote vya bahari ya Mediterane, kusini ya Italia. Una wakaaji zaidi ya 600.000. Ukipima kwa rula kwenye ramani utaona kwamba Tunis, mji wa Afrika, uko karibu na Palermo kuliko Roma. Walioanzisha mji huu ni Wafoinike, watu wale wa Tiro na Sidoni tunaowasoma katika Biblia, katika karne ya 8 mbele ya Kristo. Wagiriki waliuita Panormos, maana yake mahali ambapo pote ni bandari.

Njia moja, wafalme wengi

Tuanze juu, kwenye jumba la wafalme, kisha tushuke kwa njia moja iliyonyoka mpaka baharini. Ni karibu kilometa 2, kama mama anayekwenda sokoni na kurudi. Njia hiyo leo inaitwa Corso Vittorio Emanuele, lakini wenyeji wanaiita Cassaro. Neno hilo limetoka kwa Waarabu, al-qasr, yaani jumba lenye ngome. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo pia: kasri. Waelezeni watoto kwamba neno moja lilisafiri na wafanyabiashara na askari, likafika Sicilia upande mmoja na pwani ya Afrika upande mwingine.

Waarabu waliuteka mji mwaka 831. Mwaka 1072 walikuja Wanormandi kutoka kaskazini, Wakristo, wakawashinda. Washindi wengi wanachoma na kubomoa. Hawa waliwaacha mafundi wa walioshindwa waendelee na kazi. Mfalme Roger wa Pili, aliyevikwa taji mwaka 1130, alijenga ndani ya jumba lake kanisa dogo linaloitwa Cappella Palatina. Kuta zake zina picha za Kristo na watakatifu zilizotengenezwa kwa vijiwe vidogo vya rangi na dhahabu, kazi ya mafundi wa Kigiriki. Ukiinua macho, dari ya mbao imechongwa na kupakwa rangi na mafundi Waislamu. Kanisa moja, mikono ya watu wa dini mbili. Limesimama karibu miaka 900.

Mfalme huyo huyo alimpa kazi Mwislamu mwenye elimu, al-Idrisi. Mwaka 1154 al-Idrisi alimaliza kitabu kikubwa cha jiografia chenye ramani. Ndani yake aliandika hata juu ya Malindi na Mombasa. Na katika ramani zake kusini iko juu: Afrika juu, Ulaya chini! Kila mwaka nikiwaonyesha wanafunzi jambo hilo wanacheka, halafu wananyamaza, wanafikiri. Nani alisema kwamba lazima sisi tuwe chini?

Tukishuka kidogo tunaikuta katedrali. Kwenye mlango wa upande wa kusini kuna nguzo moja yenye maneno ya Kurani yaliyochongwa juu yake. Mahali hapo palikuwa msikiti, na waliojenga kanisa hawakuyafuta. Mwaka 2015 UNESCO iliandika majengo haya ya wakati wa Waarabu na Wanormandi katika urithi wa dunia.

Mbele zaidi ni njia panda inayoitwa Quattro Canti, pembe nne. Ilijengwa kuanzia mwaka 1608. Kila pembe ina ukuta uliopambwa ngazi kwa ngazi: chini ni majira ya mwaka, katikati ni mfalme wa Hispania, na juu kabisa ni mtakatifu mlinzi. Walinzi hao wanne ni wanawake: Agata, Cristina, Ninfa na Oliva. Wafalme wako chini ya miguu yao. Mlinzi mkubwa wa mji naye ni mwanamke, Rosalia, anayeheshimiwa tangu tauni ya mwaka 1624. Kila mwezi wa saba watu wanajaa katika njia hii kwa sikukuu yake.

Soko, na mpishi mweusi

Kutoka Quattro Canti si mbali kufika soko la Ballarò. Hapa mama yeyote wa kwetu atajisikia nyumbani: wauzaji wanaita kwa sauti kubwa, samaki wamepangwa mezani, mafuta yanachemka njiani. Watu wanauza panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ndugu wa mandazi yetu. Wanauza arancine, mipira ya wali yenye nyama ndani. Waarabu ndio walioleta kilimo cha ndimu na miwa katika kisiwa hiki. Leo, pembeni ya wenyeji, utawasikia Waafrika wa Magharibi na watu wa Bangladesh waliohamia mtaa huu.

Lakini Mwafrika hakuanza jana huko Palermo. Katika karne ya 16 aliishi mtu aitwaye Benedetto. Wazazi wake walikuwa Waafrika waliotumikishwa kama watumwa katika kisiwa hiki. Yeye alipewa uhuru, akaingia watawa wa Mtakatifu Fransisko, akawa mpishi katika konventi ya Santa Maria di Gesù, chini ya mlima karibu na mji. Hakujua kusoma. Hata hivyo ndugu zake watawa walimchagua awe mkubwa wao, kisha muda wake ulipokwisha akarudi jikoni bila kinyongo. Alikufa mwaka 1589, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807, na mji wa Palermo unamhesabu kati ya walinzi wake. (Mimi ni mwalimu, kwa hiyo mtoto asitumie mfano wa Benedetto kukataa kufanya kazi ya nyumbani!)

Mashuka kwenye madirisha

Sasa tufike kwenye jina baya. Siwezi kuwatembeza mjini na kuficha chumba kimoja.

Baada ya vita ya pili ya dunia mafia ilishika biashara ya ujenzi wa Palermo. Nyumba nyingi za zamani zenye bustani zilibomolewa, magorofa ya saruji yakapandwa mahali pao. Mwenye duka alilipa pizzo, pesa ya kila mwezi ili duka lake lisichomwe. Wamama wanaopita bariere na mizigo yao wanajua ninazungumzia nini: pesa isiyo na risiti, unayolipa kwa sababu ya hofu. Na hata jumba kubwa la muziki, Teatro Massimo, lililofunguliwa mwaka 1897, lilifungwa mwaka 1974 kwa ajili ya matengenezo, likakaa limefungwa miaka 23.

Mwamuzi mmoja, Giovanni Falcone, pamoja na mwenzake Paolo Borsellino na wengine, walitayarisha kesi kubwa iliyoanza mwaka 1986. Watu zaidi ya 300 walihukumiwa. Mafia ilijilipiza. Tarehe 23 mwezi wa tano 1992, bomu lilimuua Falcone barabarani, karibu na Capaci, pamoja na mke wake Francesca Morvillo, naye mwamuzi, na askari watatu. Tarehe 19 mwezi wa saba, Borsellino alikwenda kumtembelea mama yake mzazi. Bomu lilimsubiri mlangoni kwa mama. Alikufa na askari watano. Mmoja wao alikuwa binti, Emanuela Loi.

Hapo ndipo wanawake wa Palermo walipofanya jambo ambalo ningependa kila kikundi chetu kilijue. Walichukua mashuka ya kitanda, wakaandika juu yake kwa rangi kwamba hawataki tena mafia, wakayatundika kwenye madirisha na balkoni. Shuka ni kitu cha nyumbani, kila mama analo. Lakini ukilitundika mbele ya njia, jirani anaona, na muuaji anaona pia kwamba umemkataa na anajua nyumba yako. Shuka moja ni hatari. Mashuka mia yanalindana. Wanawake wengine walikaa katika uwanja wa katikati ya mji wakifunga kula, kwa zamu, wakidai viongozi walioshindwa kulinda watu waache kazi.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 mkubwa wa mafia, Totò Riina, alikamatwa mjini humo. Teatro Massimo ilifunguliwa tena mwaka 1997. Mwaka 2004 vijana walibandika karatasi usiku kuwaamsha watu juu ya pizzo, wakaanzisha muungano wa Addiopizzo. Leo mgeni anaweza kutafuta kibandiko kwenye mlango wa duka kinachosema kwamba hapa hatulipi, akanunua hapo. Mbele ya nyumba ya Falcone kuna mti mkubwa wa jamii ya mtini; watoto wa shule wanaacha barua zao na michoro yao juu ya shina lake.

Sisemi mafia imekwisha. Mkubwa mwingine, aliyetafutwa miaka 30, alikamatwa mwaka 2023 tu, katika kliniki ya Palermo. Ila hofu haikai tena peke yake mezani.

Katika katedrali ile tuliyoipita kuna kaburi la padri Pino Puglisi. Alikuwa paroko wa mtaa wa Brancaccio, akiwavuta watoto wa njiani watoke mikononi mwa mafia. Walimuua tarehe 15 mwezi wa tisa 1993, siku ya kuzaliwa kwake. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 2013. Nikisoma habari zake ninamkumbuka kijana wetu wa Goma, Floribert Bwana Chui, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa kupokea pesa ili aache chakula kibovu kipite mpakani. Naye alitangazwa mwenye heri mwaka 2025, huko Roma. Mmoja alisema hapana kule, mmoja alisema hapana hapa.

Mama wa Cinisi

Tunarudi nyumbani. Uwanja wa ndege wa Palermo unaitwa Falcone na Borsellino, na umejengwa katika eneo la mji mdogo wa Cinisi. Hapo aliishi mama Felicia Bartolotta Impastato. Bwana yake alikuwa mtu wa karibu na mafia. Mtoto wake Peppino aliwacheka na kuwataja watu hao kwa majina katika redio ndogo. Walimuua mwaka 1978, wakaweka baruti ili ionekane kwamba alijiua mwenyewe kwa ugaidi. Desturi ya kule ilimtaka mama avae nguo nyeusi, afunge mlango na kinywa chake. Yeye aliufungua mlango. Kila kijana aliyefika alimsimulia habari za mtoto wake. Alisema mbele ya mahakama. Mwaka 2002, miaka 24 baadaye, aliyeagiza kifo hicho alihukumiwa kifungo cha maisha. Mama Felicia alikufa mwaka 2004. Nyumba yake leo ni mahali pa kumbukumbu, na mlango bado uko wazi kwa wageni.

Kwa hiyo jina baya la mji halifutwi na mgeni, wala na tangazo la serikali. Linafutwa na mkaaji anayesimama mbele ya nyumba yake, na mwingine anayesimama karibu naye.

Kazi ya juma hili, katika vikundi na nyumbani:

1. Chukueni ramani, mtoto apime umbali kati ya Palermo na Tunis, kisha Palermo na Roma. Halafu ageuze ramani, kusini iwe juu, aseme anaona nini.

2. Katika kikundi, kila mama ataje pesa moja anayolipa kwa hofu, bila risiti. Hakuna kutaja jina la mtu. Kisha jiulizeni: tukikataa, tukatae wangapi kwa pamoja ili mmoja wetu asibaki peke yake?

3. Mgeni akifika kwetu kesho, ungempeleka wapi kwa miguu, na ungemsimulia habari za nani? Andikeni mahali patatu na majina matatu, mtoto asome kwa sauti.

Majibu ya kazi ya tatu mtaniletea. Nitayapanga kama njia moja ya kutembea, nayo itachapwa katika ukurasa huu. Tuonane juma lijalo.