Oili Chafu ya Dodoma: Nani Alipe Gharama ya Kuikusanya?

Msafiri aingiaye Dodoma kwa barabara ya Morogoro hupita mbele ya gereji nyingi zisizo na sakafu. Ardhi yake ni nyeusi, na weusi huo si wa udongo wa mbugani. Ni oili iliyomwagwa mwaka hadi mwaka chini ya malori, mabasi na pikipiki. Mafundi wetu huiita oili chafu, na jina hilo ni sahihi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Oili ya injini haichakai kama tairi lichakaavyo. Sehemu kubwa ya molekuli zake za msingi hubaki vilevile baada ya maelfu ya kilometa. Kinachopungua nguvu ni dawa zilizochanganywa humo kiwandani, na kinachoongezeka ni masizi, maji, petroli isiyoungua na chembechembe za metali zilizokwanguliwa ndani ya injini. Kwa hiyo oili hiyo imechafuka tu, na kitu kilichochafuka chaweza kusafishwa.

Hesabu itolewayo na idara ya mazingira ya serikali ya Marekani yafaa kuandikwa ubaoni. Ili kupata lita 2.4 hivi za oili bora ya kulainishia mitambo, huhitajika lita 159 za mafuta ghafi, yaani pipa zima. Lakini oili iliyokwisha kutumika, lita 3.8 zatosha. Nchi isiyochimba mafuta ghafi, na ambayo hulipa fedha za kigeni kwa kila meli inayotia nanga Dar es Salaam, haina haki ya kumwaga mali kama hiyo mchangani.

Maoni yangu ni kwamba Dodoma yahitaji mpango wa kudumu wa kukusanya oili chafu, na kwamba mpango huo ugharimiwe kwa tozo ndogo juu ya kila lita ya oili mpya iuzwayo. Usigharimiwe kwa msaada wa wafadhili, ambao huisha pamoja na mradi. Wala usitegemee semina za kuwaelimisha mafundi. Fundi anajua vema kwamba oili inachafua. Asichokuwa nacho ni mahali pa kuipeleka, na sababu ya kuipeleka huko.

Kwa nini Dodoma, ilhali Dar es Salaam ina magari mengi zaidi? Sababu ni maji. Uwanda wa kati hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mji wetu haukujengwa kando ya mto wa kudumu wala ziwa. Tangu zamani umekuwa ukinywa maji ya ardhini, hasa yale ya bonde la Makutupora lililo kaskazini ya mji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miaka 55 za kina cha maji katika bonde hilo, ulionyesha jambo la kushangaza: maji yale hayajazwi na mvua za kila mwaka. Miaka mingi hupita bila nyongeza ya maana, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa 1997 hadi 1998, ambao hujaza akiba ya miaka mingi ijayo. Hifadhi ya maji ijazwayo kwa nadra namna hiyo ikiingiwa na uchafu, hakuna mvua ya mwaka kesho itakayoisuuza.

Sharti niseme ukweli hapa, maana jambo hili mara nyingi hutiwa chumvi. Oili nzito ya injini haikimbii ardhini kama maji. Hunata kwenye chembe za udongo na hushuka polepole. Gereji za katikati ya mji pia ziko mbali na visima vya Makutupora. Lakini mji umekua upesi tangu Serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016, na visima vimefuata watu. Nzuguni sasa ina visima vinavyolisha mji, na Nzuguni hiyohiyo ndiko kiliko kituo kikuu cha mabasi. Aidha, si lazima oili ipenye hadi kwenye mwamba ndipo idhuru. Mvua ya kwanza ya Desemba huiparura ardhi kavu na kuupeleka udongo wa juu makorongoni, na makorongo hayo ndiyo ambamo watu huchimba mchangani kutafuta maji wakati wa kiangazi, na ndimo mbuzi hunywa.

Sasa tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuikagua. Tuchukue gereji moja ya wastani ibadilishayo oili ya magari 10 kwa juma, lita 4 kila gari. Hizo ni lita 40 kwa juma, lita 2,080 kwa mwaka, yaani mapipa 10 ya lita 200 na ziada. Lori moja kubwa la masafa, kati ya yale yapitayo hapa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, hutoa lita 30 au zaidi kwa mara moja. Walimu wangewatuma wanafunzi wahesabu gereji za kata yao wenyewe, jibu lingekuwa na uzito kuliko lolote niwezalo kuliandika hapa.

Oili hiyo haimwagwi yote. Nyingine hununuliwa na wajenzi wapakao mbao za kumiminia zege, nyingine huenda kwenye tanuri za matofali, na nyingi hupakwa kwenye nguzo na miti ya ujenzi ili isiliwe na mchwa. Yeyote aliyewahi kuishi katika tembe au kujenga zizi Ugogoni anajua kwamba mchwa si jambo la mzaha, na kwamba dawa hii hufanya kazi. (Hufanya kazi kwa sababu ni sumu, jambo hilo lapaswa kumfikirisha yeye aipakaye kwa mikono mitupu.) Ninalisema hili kwa kuwa wapangaji wengi hudhani oili chafu ni taka isiyo na bei. Bei inayo. Mpango usioweza kumlipa fundi kuliko alipavyo mwenye nguzo za kupaka utashindwa na mchwa katika mwezi wa kwanza.

Ndiyo sababu nasisitiza tozo. Mfano tunao nyumbani: sehemu ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli huingia katika Mfuko wa Barabara, na kwa fedha hizo barabara hutengenezwa. Italia ilianzisha chombo cha kitaifa cha kukusanya oili, kilichoanza kazi mwaka 1984 na ambacho hulipiwa na wauzaji wa oili mpya. California ilipitisha sheria mwaka 1991 ya kutoza senti 4 kwa kila robo galoni, na fedha hizo zikarudi kwa wakusanyaji. Afrika ya Kusini, kampuni za oili zimekuwa zikichangia mfuko wa namna hiyo tangu mwaka 1994.

Tuseme tozo ni shilingi 100 kwa lita. Mwendesha bodaboda abadilishaye lita moja mara mbili kwa mwezi atatoa shilingi 200. Si nyingi, ingawa kwake si bure. Oili nyingine huungua au kuvuja injinini, hivyo tukikadiria kwamba nusu tu yaweza kurudi, kila lita iliyokusanywa itakuwa na shilingi 200 nyuma yake, kwa kumlipa fundi na kulipia usafiri. Malipo yatolewe oili ifikapo kituoni na kukaguliwa, kwani wajanja wataongeza maji. Ukaguzi wake ni rahisi: matone machache juu ya bati la moto, yakitatarika, maji yamo.

Wako watakaodai kiwanda cha kusafishia kijengwe hapahapa Dodoma. Siafikiani nao kwa sasa. Njia ya kizamani, ya asidi ya salfuriki na udongo, huacha tope lenye asidi ambalo ni baya kuliko oili yenyewe. Njia bora ya kukeneka katika ombwe hudai mtaji mkubwa na shehena isiyokatika. Kwanza tuyajaze mapipa. Tanuri za saruji, zenye joto la nyuzi 1,400 na zaidi, zaweza kuichoma oili hiyo badala ya makaa, na viwanda vya pwani vinazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inambebesha mchafuzi gharama za uchafuzi wake, na kibali cha kubeba taka hatarishi kipo kisheria. Kilichobaki ni kibali hicho kiwe na ada ambayo kijana mwenye guta na mapipa mawili aweza kuilipa, na mapipa ya kwanza yawekwe Nzuguni, nyuma ya kituo cha mabasi, kabla ya mvua za Desemba.